Dawati Lilipoishtaki Simu

Usiku wa jana niliota dawati limekuja kubisha hodi nyumbani kwangu.

Lilikuwa dawati letu, lile la mbele karibu na mlango, ninalokalia na Mama Gwamaka kila Jumatatu na Alhamisi kwenye darasa la watu wazima. Nililijua kwa mguu wake mmoja uliofungwa waya. Lilisimama barazani, matope yamelifika magotini, likasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekujaje na mvua yote hii?"

"Nimetembea."

Nikaona limejibu vizuri. Nikalikaribisha ndani, nikaliambia likae. Likatazama viti vyangu, likaona haya, likasema halijui kukaa, linajua kukaliwa tu. Basi nikalipangusa miguu kwa tambara, maana mgeni ni mgeni, nikalimiminia chai. Kikombe likakishika juu yake vizuri kabisa, bila kumwaga hata tone.

"Bibi," likasema, "nimetumwa kukuita. Nimeishtaki simu yako."

Nikaitazama simu. Ilikuwa kwenye kochi, inajifanya imelala.

Hapa itabidi niiache ndoto kidogo nieleze mambo ya kweli, ili mwenye kusoma asipotee.

Mimi ninaitwa Atuganile, lakini hapa kwetu Tukuyu wananiita Mama Ambwene. Nina miaka sitini na tisa, na kusoma nimejifunza mwaka juzi. Tuko wanafunzi kumi na watatu, wote wazee kwa wazee wenzao. Tunasomea shule ya msingi, saa tisa alasiri, watoto wakishaondoka. Mwalimu wetu, Lwitiko, ana miaka ishirini na sita. Kwa kuwa sisi sote ni wazazi wake, kila akiingia hutuamkia mmoja mmoja. Shikamoo kumi na tatu ndipo ashike chaki. Hajawahi kuruka hata moja, hata siku aliyokuwa na homa.

Masika haya mvua imekata barabara mara nne. Mwalimu akasema tuchague: tuendelee darasani, au kila mtu asomee nyumbani kwake kwa simu, tukimwona kwenye kioo. Tukapiga kura. Sita wakataka simu. Sita wakataka darasa. Wa kumi na tatu ni mimi, nami nikaomba nifikiri mpaka Jumatatu.

Moyo wangu uko darasani. Mama Gwamaka hana simu ya kioo, na hatakuwa nayo. Mkono wangu ukianza kutetemeka, hunishikia daftari lisiteleze, huku anatazama ubao kama hajui mkono wake unafanya nini. Nikisema simu, nimemfungia mlango mtu wa namna hiyo.

Lakini kuna Tusekile. Huyu ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Ambwene anayefanya kazi Tunduma. Aliacha shule darasa la tano, na sasa anataka kufanya mtihani wetu wa mwisho wa mwaka apate cheti. Shida ni kwamba mume wangu naye anasoma darasa hilo hilo, anakaa nyuma na wanaume. Na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawapishani njia moja. Siku hizi wengi wameacha. Hawa wawili hawajaacha, kila mmoja akiogopa kumvunjia mwenzake heshima. Mzee akitaka kuzunguka kona ya nyumba, anakohoa kwanza, ili binti apate nafasi ya kujificha. Nimeishi na kikohozi hicho miaka minane.

Kwa hiyo Tusekile anasomea nje. Anasimama chini ya ukingo wa paa, kwenye dirisha la nyuma, kitenge kichwani na daftari kifuani. Mwalimu anajua, ndiyo maana anafundisha kwa sauti ya kuita ng'ombe. Ila jina la Tusekile halimo kwenye daftari la mahudhurio, na asiyemo hafanyi mtihani. Daftari hilo linafungwa Jumatatu ile ile ya kura.

Nikisema simu, Mama Gwamaka anabaki nje. Nikisema darasa, Tusekile, mwenye simu yake ya kioo, anabaki nje. Mzee habari za dirishani hazijui. Masika yote nimemficha.

Sasa turudi kwa dawati.

Tunatoka. Dawati linatangulia, mimi ninafuata, simu nimeitia mfukoni. Inalalamika.

"Mshtakiwa habebwi mfukoni," inasema.

"Nje kuna mvua, mwanangu. Utalowa."

Ikajikunja mfukoni. Baadaye kidogo ikasema, "Asante." Ni simu yenye malezi, Ambwene aliinunua yeye mwenyewe.

Tulipita migombani. Tukakata kona pale kwenye zizi la jirani, na kona ikawa ndani ya simu.

Sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba ndani ya simu ni pasafi hivyo. Kulikuwa na ukuta mrefu, na ukutani vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama mayai kwenye trei. Kila chumba kina mtu mmoja, anaonekana kuanzia kifua kwenda juu. Miguu yote ilikuwa imeachwa nje, imejipanga mstari, inasubiri wenyewe.

Mlangoni alikuwepo mama mmoja wa makamo, amevaa gauni lililopigwa pasi, nywele amezichana vizuri. Aliponiona akasema, "Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Nikamjua papo hapo. Ni yule mama wa kwenye simu.

"Asante, mwanangu," nikamwambia, kama ninavyomwambia siku zote.

Akaniangalia vizuri. Macho yakamjaa maji. "Ni wewe! Wewe ndiye wa Tukuyu unayesema asante! Wenzako wote wananikatia. Wengine wananitukana, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha mteja."

"Pole sana. Unakula saa ngapi, na kazi hii?"

"Sijawahi kuulizwa," akasema. Akatoa leso.

Dawati likakohoa kwa adabu, kwamba kesi inasubiri.

Mama yule akatuingiza. Yeye ndiye mwita majina wa huko. Jaji ni Kengele, yaani ile ringi kuukuu ya lori inayoning'inia pale shuleni na kugongwa kwa chuma. Ilikuwa imekaa juu ya kiti kirefu, imevaa joho. Mama wa kwenye simu akatusomea sheria. Kengele italia mara tatu. Ya kwanza kesi inaanza. Ya pili shahidi ananyoosha mkono kuchagua. Ya tatu daftari la mahudhurio linafungwa, na ambaye jina lake halijaandikwa, halitaandikwa.

"Na shahidi ni nani?" nikauliza.

Miguu yote iliyokuwa kwenye mstari ikageuka kunielekea mimi.

Ngaaa, ikasema Kengele. Ya kwanza hiyo.

Simu ndiyo ikaanza kujitetea. Ilipanda juu ya bega langu ili ionekane.

"Mheshimiwa, kwangu hakuna matope. Kwangu mtu anasoma huku chungu kiko motoni. Na kwangu kila mtu ana chumba chake. Mkwe na baba mkwe wanaweza kusoma somo moja siku moja, wala hawapishani. Dawati linaweza hilo?"

Dawati likautazama mguu wake uliofungwa waya. Nilisikia huruma.

"Tuone," akasema mama wa kwenye simu. "Somo lianze."

Mara nikajikuta ndani ya chumba changu, nimekatwa kifuani, miguu yangu nimeiacha na wenzake. Chumba cha upande wa kulia yuko Mama Gwamaka. Nikafurahi. Nikasogeza kiwiko nimguse, kiwiko kikagonga ukuta.

"Mama Gwamaka, umeingiaje humu na wewe huna simu?"

"Sijaingia," akasema. "Hii ni picha yangu ya harusi ya Gwamaka."

Kweli, nikamwona amevaa ile sare ya njano. Hata hivyo alikuwa amekuja na magimbi ya kuchemsha, kama kawaida yake. Akanipitishia moja. Gimbi likagonga ukuta, likarudi. Akajaribu tena polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Likarudi.

"Basi nitakula mimi, wewe shiba," akasema.

Nikashiba kidogo. Si sana.

Mwalimu Lwitiko akatokea ubaoni. "Shikamooni wazazi wangu," akasema. "Kabla hatujaanza, kila mtu azime sauti yake."

Mama wa kwenye simu akapita na kikapu. Kila mtu akatoa sauti yake akaitia humo, kama watu wanavyovua viatu mlangoni. Yangu ilikuwa nyembamba, ina joto, nikaiweka pembeni isikanyagwe. Ya Mama Gwamaka ilikuwa na kicheko kimeganda chini yake. Ya mume wangu ilikuwa nzito, ikabidi ishikwe kwa mikono miwili. Mama akafunika kikapu kwa kitambaa, akakiweka chini ya kiti cha Jaji.

"Leo," anasema Mwalimu, "tutajifunza kuandika bar..."

Akaganda.

Mkono juu, chaki kidoleni, mdomo wazi. Hatukuwa na sauti za kuuliza. Mama wa kwenye simu akatueleza kwamba mtandao umekatika, tuwe na subira. Tukawa na subira. Chiriku akaja akatua kwenye mkono wa Mwalimu, akaleta jani, akaleta lingine, akajenga kiota. Akataga mayai matatu. Tulikuwa tumefika kwenye kuatamia ndipo Mwalimu akazinduka, akasema, "...ua. Barua. Nani ana swali?"

Chiriku akamtazama kwa hasira. Mwalimu akamwambia, "Shikamoo," akaendelea kufundisha kwa mkono mmoja, ili asimsumbue.

Nikatazama kipaji cha uso wa mume wangu, chumba cha juu yangu. Palikuwa pameandikwa chaji asilimia nne. Kisha tatu. Kichwa kikaanza kuinama. Nilitaka kumwita lakini sauti yangu ilikuwa kikapuni. Ilipofika moja, akalala kabisa, na chumba chake kikawa cheusi.

"Pingamizi!" likasema dawati. "Huyu mzee darasani hasinzii."

"Husinzia," ikasema simu.

"Husinzia, lakini jirani yake humtia kiwiko. Hapo nani atamtia kiwiko?"

Kengele ikatikisika kidogo, kama mtu aliyeguswa na hoja. Na kwa kutikisika huko tukajikuta wote darasani, miguu imeturudia. Mimi nilipewa ya Mama Gwamaka, tukabadilishana. Yake imenipita kwa saizi.

Sasa tuko darasa lile lile la kweli. Harufu ya chaki. Makoti yaliyolowa yananuka moshi. Mama Gwamaka ananipa gimbi, linafika. Lina chumvi kama ninavyopenda. Nikalitazama dawati, nikaona limetuna kwa fahari mpaka waya wa mguuni unalia.

"Mheshimiwa," likasema, "mimi sina maneno mengi. Kwangu mtu ana mwenzake. Ndiyo hoja yangu yote."

"Mwalimu aendelee," akasema mama wa kwenye simu.

Mwalimu akafungua mdomo. Papo hapo mvua ya Tukuyu ikashuka juu ya bati. Hamuijui kama hamjaisikia. Mwalimu alifundisha barua yote, mwanzo mpaka mwisho, nasi tukaona midomo tu.

Simu ikacheka mfukoni. "Kwangu sauti ya mwalimu inazimwa kwa kidole. Kwako imezimwa na nani?"

"Mungu," likajibu dawati.

"Na huyo aliye nje, umempa nini?"

Dawati likageukia dirisha la nyuma, nasi sote tukageuka. Mabao ya dirisha lile yamepakwa rangi ya buluu, na yalikuwa wazi, kama siku zote. Nje yake kilionekana kitenge kimoja kinachuruzika maji.

"Sijampa kitu," likasema dawati kwa sauti ndogo. "Mimi ni mbao."

Nilisikia baridi ya lile dirisha na hasira zangu za kila siku zikanijia. Masika yote nimelifunga dirisha lile kila nikifika, kwa kuogopa wazee wenzangu wasipate kichomi. Tusekile mwenyewe aliniambia nilifunge, yeye anasikia hata kwenye upenyo wa mabao. Nikikaa tu na kugeuka, liko wazi. Nikimuuliza mume wangu aliye karibu nalo, anasema, "Upepo." Siku nyingine anasema, "Hewa." Nimeshamsema mpaka nimechoka.

Nikainuka nikalifunge. Ndipo kikapu kikaanza kusema.

Kilikuwa bado chini ya kiti cha Jaji, kimefunikwa. Mimi nilikuwa nimeshaichukua sauti yangu, wenzangu bado. Ilikuwa ni ile nzito, ya mume wangu, imesahau kuwa haiko peke yake. Mwenyewe alikuwa amekaa kule nyuma, mdomo umefumba, fimbo yake haipo mkononi.

"Sogea, fimbo," ikasema sauti kikapuni. "Kidogo tena. Hivyo, shikilia bao lisijifunge. Mtoto amsikie Mwalimu. Mama Ambwene akija atafunga tena, huyu mama na vichomi vyake! Akifunga nawe fungua. Usibishane naye, fungua tu."

Darasa zima limegeukia kikapu. Hata mvua imepunguza ili isikie.

"Haya, sasa kutoka. Nikohoe kwanza, binti apate kukimbia. Kohoo! Kohoo! Huyo, amekwenda. Mtoto ana mbio. Halafu jioni nikanywe ile tangawizi. Mama Ambwene anadhani ni kifua. Tangawizi kali ile, Mungu wangu, inapanda mpaka masikioni. Vumilia, mzee. Ukimwambia si kifua, itabidi umwambie ni nini."

Nikatafuta mahali pa kuweka uso wangu. Kikohozi cha nyumbani nilikijua; cha pale shuleni nilidhani ni kifua, nikamchemshia tangawizi miezi mitatu. Vikombe viwili kwa siku, na kimoja cha ziada siku za Alhamisi.

Nikatazama dirisha. Fimbo ya mume wangu ilikuwa imesimama pale, kichwa chake kimeegemea bao la buluu, imekaza miguu kama mlinzi wa zamu.

"Tangu lini?" nikaiuliza.

"Tangu Machi, bibi," ikasema fimbo. "Samahani kwa usumbufu. Mimi hutumwa tu."

Ngaaa. Ya pili.

"Shahidi anyooshe mkono," akasema mama wa kwenye simu. "Wa kulia kwa dawati, wa kushoto kwa simu."

Nikanyoosha mkono. Sikumbuki ni upi, kwa sababu haukwenda juu. Ulikwenda mbele. Ukarefuka. Ukapita juu ya kichwa cha Mama Gwamaka, ukamwambia samahani, ukapita kati ya wanaume, ukatoka dirishani kwenye mvua. Huko nje nikagusa kitenge kilicholowa, kisha shavu, kisha mkono wa baridi unaoshika daftari.

"Mama!" akasema Tusekile. "Unanivutia wapi? Baba yumo!"

"Yumo."

"Ataniona!"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshasimama. Akanyanyua benchi lake peke yake, mzee wa miaka sabini na tano, akaligeuza kuelekea ukutani, akakaa, akatupa mgongo darasa zima. Sauti yake ikasema kutoka kikapuni, "Mwambieni Mwalimu, leo mimi ninasoma ukuta. Ukuta hauna mkwe."

Wanaume wenzake wakatazamana. Mmoja akanyanyuka akageuza benchi lake vile vile. Akafuata mwingine. Kufumba na kufumbua safu yote ya nyuma inasoma ukuta, kwa heshima ya mwenzao.

Bado Tusekile haingii. Amejifunika kitenge mpaka puani. "Mama, hata mgongo wake sipaswi kuutazama," anasema. "Niache tu hapa nje, nimeshazoea." Mtu akisema amezoea mvua, ujue amechoka sana.

Kengele ikaanza kujizungusha taratibu. Chuma cha kuigonga kikajinyanyua chenyewe.

"Upesi, bibi," akaninong'oneza mama wa kwenye simu. "Dawati au simu?"

Nikalitazama dawati. Nikaitoa simu mfukoni, nikaitazama. Vyote viwili vilikuwa vimenikodolea macho kama watoto waliovunja sahani, na kila mmoja anaogopa atakayechapwa ni yeye.

Dawati ndilo likaanza. Likaigeukia simu, likasema, "Wewe umechoka?"

"Nimechoka," ikasema simu. "Kila siku ninapandishwa kilimani kutafuta mtandao. Sina hata pa kuegemea."

"Juu yangu pana nafasi. Pale pembeni, kwenye tundu la wino ambalo halina kazi."

"Hutanidondosha?"

"Mimi kazi yangu ni kukaliwa."

Basi simu ikateleza kutoka mkononi mwangu, ikaenda ikakaa juu ya dawati, kati yangu na Mama Gwamaka, ikaegemea gimbi. Kioo kikawaka. Nikaona jiko letu la nyumbani, moto unawaka, na Tusekile amekaa kwenye kigoda, mkavu, daftari magotini. Dirishani hakuna mtu tena. Mkono wangu ukarudi kwenye urefu wake.

"Tusekile, unatusikia?" akauliza Mwalimu.

"Ninasikia, Mwalimu. Sioni ubao vizuri."

Mama Gwamaka alisogeza simu kidogo kwa kidole, akaishikilia isiteleze, macho yake yako mbele. Nilijua ule mkono. Nilijua utakaa pale mpaka somo liishe.

Chuma kilikuwa kimeshafika juu. Mama wa kwenye simu akafungua daftari la mahudhurio haraka haraka, akaanza kuita. Kila mtu akaitika nipo, kwa sauti aliyoiokota kikapuni kwa pupa. Mama Gwamaka aliokota ya mume wangu, akaitika kwa besi, na mume wangu akaitika kwa kicheko cha Mama Gwamaka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kurekebisha.

Akafika kwenye jina la kumi na nne. Akaliandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wa duara, akavuta pumzi.

"Tusekile Mwakalukwa."

"Nipo," ikasema simu.

Sheria yao ni kwamba mwita majina sharti athibitishe. Mama yule akafungua mdomo. "Samahani," akaanza, "mteja unaye..." Akasita. Jasho likamtoka. Miaka yote hiyo ulimi wake umekwenda njia moja tu.

Nikamtazama kama ninavyomtazama mtoto aliyebeba ndoo imejaa. Hupaswi kumsemesha. Unasimama tu karibu.

"Mteja," akasema, "unayempigia. Ana. Anapatikana."

Akakaa chini akalia. "Sijawahi kulisema," akasema. "Ni neno zuri hivi, kumbe." Mama Gwamaka akafungua kitenge chake akamfuta machozi, akampa gimbi lililobaki.

Ngaaa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka na mvua imekatika. Leo ni Jumatatu. Mume wangu alikuwa amelala ubavu, kageukia ukuta. Nje nilisikia Tusekile anapasua kuni. Nikakaa kitandani nikicheka kidogo, nikajiambia, magimbi ya jana usiku hayo, uzee na magimbi havipatani.

Nikashuka nikaweke maji ya tangawizi motoni. Fimbo yake ilikuwa imeegemea mlango, mahali pake pa kila siku. Nikaisogeza nipite, nikahisi kitu kinakwaruza kiganjani. Nikaipeleka penye mwanga.

Kichwani, pale anaposhika mkono, palikuwa na rangi. Si nyingi. Vipande vyembamba vimenasa kwenye nyufa za mti, juu ya mkunjo uliobonyea kama umebanwa mahali pamoja siku nyingi. Rangi ya buluu. Nyumbani kwetu hatuna kitu cha buluu, si mlango, si sahani.

Nikapitisha kidole juu yake. Kisha nikairudisha ilipokuwa, taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto aliyelala. Nikachukua simu yangu kwenye kochi, nikaichomeka kwenye chaji, iwe tayari kukaa juu ya dawati leo.

"Ijaze mpaka juu, Mama Ambwene," mume wangu akasema, bado ametazama ukuta, macho kafumba. "Na leo tangawizi usichemshe. Kikohozi kimepona."